Mkimbiaji wa Mbio Fupi Achague Chuo Gani?

Kila nimalizapo mazoezi hapa Mtangawanda, wenzangu huniuliza, "Wewe, ukimaliza shule si utaenda kukimbia Marekani?" Jibu si jepesi, maana vyuo havilingani. Nimevilinganisha kwa mambo matatu.

Kwanza, tusidanganywe na jina. Mwaka wa 1978 Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Sifa kubwa hiyo! Lakini zilikuwa mbio ndefu. Mimi wa mita 100 yanifaa nimtazame kocha wa mbio fupi. Julius Sang na Robert Ouko walisoma North Carolina Central, kwa kocha Leroy Walker. Mwaka wa 1972 wakawamo katika timu ya Kenya iliyotwaa dhahabu ya mita 400 kupokezana vijiti, kule Munich.

Pili, pesa. Vyuo vingi vya daraja la kwanza na la pili hutoa ufadhili wa riadha. Vya daraja la tatu havitoi. Tena ufadhili waweza kuwa robo tu. Salio atalipa nani, baba mvuvi? Basi uliza mapema: karo, chakula, malazi na nauli, kipi kimo na kipi hakimo?

Tatu, muda wako wenyewe. Saa ya mkononi mwa mwalimu hukupendelea kwa takriban robo ya sekunde kuliko ya elektroniki. Na upepo je? Ukikusukuma kwa zaidi ya mita 2 kwa sekunde, muda huo hauingii katika rekodi. Sisi wa visiwani tunaojua kusi, tusijisifu ovyo!

Wala tusidharau vya nyumbani. Ferdinand Omanyala alisomea kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 2021 pale Kasarani akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika.

Kwa hivyo, ndugu zangu, alama nzuri darasani kwanza, muda wa kweli pili, barua kwa makocha baadaye. Haraka haraka haina baraka, hata kwetu sisi wa mbio fupi.