Nyumba zinaongezeka kando ya ziwa: parokia iseme nini?



Katika parokia zetu za kando ya Tanganyika, kutoka bonde la Ruzizi mpaka Mboko na Baraka, hakuna juma linalopita bila mtu kupiga hodi kwa padri kwa neno la kiwanja. Mmoja anaomba akatiwe kipande cha ardhi ya misioni, maana watoto wake wameoa na hawana pa kujenga. Mwingine analalamika kwamba jirani amejenga ukuta juu ya njia ambayo wanawake walipitia tangu zamani kwenda kuteka maji. Wa tatu ni katekista: anauliza shirika lake likusanyike wapi sasa, kwani mto umechukua nyumba za nusu ya wakristu wake.

Wako wanaosema: «Hayo ni mambo ya Leta na ya mwami, padri abaki na sakramenti zake.» Hatuwezi kukubali. Misioni za pwani hii zilianza na swali hilohilo la pahali. Mapadri Weupe walifika Masanze mwaka 1880, wakafungua Kibanga mwaka 1883. Lakini baada ya miaka kama kumi Kibanga iliachwa, kwani magonjwa yalikuwa yanamaliza watu. Kazi ilikuwa nzuri, pahali palikuwa pabaya. Tena mwaka 1961 Papa Yoane wa 23, katika barua yake Mater et Magistra, alisema kwamba watu wa vijijini nao wanastahili kupata vitu vya lazima kwa maisha ya wote, akavitaja kimoja kimoja: barabara, maji ya kunywa, nyumba, matunzo ya wagonjwa, masomo. Padri anayesema juu ya maji na barabara hatoki katika kazi yake.

Lakini asiseme ovyo. Imempasa kwanza kuelewa namna nchi yetu ilivyo.

Upande wa magharibi milima ya Mitumba inasimama kama ukuta. Nyuma ya Uvira, kwenda Itombwe, inapita mita 3000. Ziwa liko chini, kwa mita 770 na zaidi kidogo juu ya bahari. Katikati ya mlima na maji kuna ukanda mwembamba, na pahali pengine mtu anaumaliza kwa mguu kabla ya kumaliza Rozari. Mito inayoshuka, Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge na mingine midogo, inatoka kwenye mteremko mkali na kufika pahali tambarare kwa ghafula. Hapo inapoteza nguvu na kuacha mawe na mchanga wake, kama mtu anayemwaga unga kutoka katika kikapu. Juu ya marundo hayo ya mawe na mchanga ndipo Uvira ilipojengwa, na ndipo vinapojengwa vijiji vingi vya njia ya Fizi. Udongo unafaa, maji yako karibu, barabara inapita. Lakini mto wa rundo la mchanga hauna kitanda cha kudumu. Ukijaza njia yake kwa mawe, unatafuta nyingine. Mzee anayesema «mto haujafika hapa hata siku moja» anasema kweli, ila anasema kweli ya maisha yake tu. Rundo lile lenyewe ni ushahidi kwamba mto ulishafika, maana nani mwingine angelileta?

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne, mwaka 2020, mvua kubwa ilinyesha milimani na mito ya Uvira ikatoka njiani. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, madaraja yakaenda, na hata mitambo ya maji ya Regideso iliharibika. Usiku ule watu walijua mto ulipita wapi zamani.

Kisha wengi walirudi kujenga palepale. Hapo ndipo mapadri wengine hukasirika na kuhubiri juu ya vichwa vigumu. Tunaomba wasifanye hivyo. Mvuvi wa ndagala anaanza kazi jioni na kurudi alfajiri. Nyumba yake ikiwa mbali na mtumbwi, nyavu zinaibiwa. Mama anayeuza samaki anahitaji kuwa karibu na soko. Tena kiwanja ndiyo mali yake moja tu: amekinunua kwa akiba ya miaka, na hakuna mtu atakayekinunua tena baada ya mto kupita. Ukimwambia «hama», atakuuliza «niende wapi?», na swali hilo ni la haki. Anayemwambia ahame bila kumwonyesha pahali pengine hajamwambia kitu.

Watu nao hawakuongezeka kwa uzazi peke yake. Tangu vita vya 1996, vilivyoanzia katika nchi hii yetu, kila machafuko ya milimani yameshusha watu kandokando ya ziwa. Mwaka 2015 Warundi walikimbilia kwetu, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa katika Fizi. Mwaka 2025 Bukavu ilipochukuliwa, serikali ya jimbo yenyewe ilihamia Uvira, na mwisho wa mwaka uleule vita vikafika Uvira pia. Kila mara wageni wanapokewa kwanza kwa ndugu, kisha katika chumba cha kupanga, kisha wanatafuta parseli. Na parseli ya bei ndogo ni ile ambayo mwenyeji anayejua mto hakuitaka.

Ziwa nalo lina desturi yake, na inafaa makatekista waieleze, kwani uvumi ni mwingi. Maji yanaingia Tanganyika kwa mito mingi, mikubwa ni Ruzizi na Malagarasi. Yanatoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga karibu na Kalemie. Sehemu kubwa haitoki hata kwa mlango huo: inapanda angani kwa joto la jua. Basi mvua ikizidi miaka kadhaa, ziwa linapanda polepole, na kushuka kwake pia ni polepole. Mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi cha Lukuga, na ziwa likashuka sana kwa miaka iliyofuata. Mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za miaka ile, lilipanda hata wazee wakapata mwaka wa kuhesabia umri wa watoto wao. Kuanzia 2020 limepanda tena. Mwaka 2024 Kalundu na Kavimvira waliona maji ndani ya nyumba na juu ya barabara. Ng'ambo yetu, Gatumba katika Burundi, watu walipatwa vilevile, wao kwa maji ya Ruzizi. Hakuna uchawi ndani yake, wala ziwa «halidai» mtu. Lile lililokuwa lake mwaka 1964 limelichukua tena, na sisi tulikuwa tumeligawa viwanja. Burundi, katika sheria yake ya maji ya 2012, iliweka mita 150 kutoka ziwani ambazo haziruhusiwi kujengwa. Kuandika sheria siyo kuifuata, wakaaji wa Bujumbura wanajua. Lakini kipimo kikiwapo, angalau mtu anaweza kukitaja mbele ya chefu.

Sasa tuje kwenye vitu vya wote, maana nyumba bila vitu hivyo ni kulala tu. Tukiulizwa kimoja cha kwanza ni nini, tunajibu bila kusita: maji safi. Kipindupindu kilifika upande wetu wa mashariki mwaka 1978 kwa njia ya ziwa, na tangu hapo hakijasahau njia ya Uvira. Wachunguzi waliofuata hesabu za wagonjwa wa Uvira kuanzia 2009 walichapisha kazi yao mwaka 2015. Walilinganisha siku za maji ya bomba na siku bomba lilipokauka. Waliona kwamba baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa wanaopelekwa kwa shaka ya kipindupindu katika siku 12 zinazofuata wanazidi kwa 155 kwa mia, maana yake wanapita mara mbili na nusu ya kawaida. Fikirini vizuri hesabu hiyo. Mama aliyekuta robine kavu hakukaa bila maji. Alikwenda ziwani au mtoni na ndoo yake. Tunapofundisha watu kunawa mikono na hatuulizi bomba liko wapi, tunamlaumu mama kwa kosa ambalo siyo lake.

Na bomba linataka nafasi. Choo kinataka nafasi. Kalasi, dispanseri, soko, makaburi, mtaro wa maji ya mvua, vyote vinataka nafasi. Hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Nani anauza viwanja kwetu? Kwa desturi, ardhi iko mikononi mwa mwami na watu wake: katika teritware ya Uvira kuna Bavira, Bafuliiru na bonde la Ruzizi. Kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, ardhi yote ni mali ya Leta. Juu ya ardhi ya desturi sheria hiyohiyo iliahidi amri ya Rais ya kueleza haki za wanaoitumia, na miaka ilipita kwa makumi bila amri ile kutoka. Hivi milango ni miwili. Mmoja ana karatasi ya chefu wa kijiji na sahihi za mashahidi, mwingine anakuja na hati ya ofisi, na kiwanja ni kilekile. Lakini hata wakipatana, karatasi zote mbili zinasema juu ya nyumba tu. Mwenye kuuza anapata franka kwa kila parseli; kwa njia ya maji hapati kitu, kwa kiwanja cha masomo hapati kitu, kwa makaburi ndiyo kabisa. Basi anauza mpaka mwisho. Siku wafadhili wanapokuja na fedha za kujenga kisima au kalasi, kijiji kizima kinatafuta pa kuviweka na hakipati, isipokuwa pale mtoni palipobaki wazi kwa sababu ya hatari yake. Ndivyo masomo mengine yanavyojengwa katika njia ya mafuriko.

Ndiyo maana tunasema parokia iongee mapema, kabla viwanja havijapimwa. Baada ya ukuta kusimama, kila neno linakuwa ugomvi, na hapa kwetu ugomvi wa kiwanja haukawii kuuliza mwenyewe ni mtu wa kabila gani. Kumwomba chefu aache mita kumi za njia ya maji ni jambo dogo wakati pahali bado ni majani. Kubomoa nyumba ya mjane kwa ajili ya mita hizo ni jambo ambalo hata sisi hatungekuwa na moyo wa kulitenda.

Liko neno jingine, nalo linatugusa sisi wenyewe. Misioni nyingi zilipewa ardhi kubwa wakati wa Wabelgiji. Watu wanaitazama na kusema: «Mapadri wana nafasi, sisi tunalala juu ya maji.» Tusijifanye hatusikii. Wengine wanashauri kuiuza kipande kwa kipande ili kupata manjanja ya kanisa. Wengine wanataka kuizungushia ukuta. Wengine, kwa huruma, wangempa kila anayelia vizuri. Wa kwanza wakumbuke kwamba Kanuni 1291 ya Sheria ya Eklezya ya 1983 haimruhusu paroko kuuza mali ya kudumu ya parokia bila ruhusa ya wakubwa. Wa tatu wakumbuke kwamba kila familia itahesabu nani amepewa na nani amenyimwa. Ushauri wetu ni huu: ardhi ya parokia, ikiwa imeinuka juu ya maji, itumike kwanza kwa vitu ambavyo mtu mmoja hawezi kujijengea. Kisima, kalasi, dispanseri, makaburi, na nyumba moja kubwa itakayofunguliwa usiku wa mafuriko kwa kila mtu, awe Mkatoliki, Mprotestanti au Mwislamu. Ikibaki nafasi ya nyumba za waliopoteza zao, Baba Askofu akubali, iandikwe kwa miaka inayojulikana, na orodha isomwe mbele ya wote siku ya Dominika. Neno lililosomwa mbele ya wote halinung'unikiwi sana nyuma ya nyumba.

Najua, wako watakaosema kanisa halijakamilika bado, na jubile inakaribia. Tunapenda kanisa zuri kama wao. Lakini watoto wakinywa maji ya mto, saruji ingoje.

Kwa ninyi wanaseminari mtakaokwenda likizo, kazi inaweza kuanza bila franka. Mwombeni paroko ruhusa, chukueni daftari, mtembee na viongozi wa mashirika pamoja na chefu wa kijiji, kutoka mlimani mpaka ziwani. Msiende na wakristu peke yao, wala na wanaume peke yao: wanawake ndio wanaojua kila njia ya maji na kila robine iliyokauka. Andikeni mto ulipita wapi mwaka 2020, ziwa lilifika wapi mwaka 2024, na kwa wazee waulizeni juu ya 1964. Andikeni pia pahali pa wazi palipobaki, ni pa nani, na kama pameanza kupimwa. Nakala moja ibaki parokiani, moja kwa mwami, moja ofisini mwa Leta. Anayeweza aende mwezi wa nne, wakati wa mvua kubwa; kiangazi mitaro yote inafanana na njia za watu.