Kabla Bibi Hajameza Antibiotiki

Kibokoni au Ndia Kuu, Mombasa, dawa ya bibi mara nyingi hununuliwa na mjukuu. Bibi yuko ghorofani, magoti hayamruhusu kushuka ngazi. Kijana anafika kemisti, anasema mkojo unamchoma nyanya, anarudi na bahasha ya kaki iliyoandikwa 1×3. Jina la dawa halipo. Kama bibi ana sukari, presha au figo dhaifu, hakuna aliyeuliza.

Kisheria, antibiotiki nchini Kenya huuzwa kwa cheti cha daktari, ambacho kijana huyo hakuwa nacho.

Mwili wa kijana huenda ukahimili kosa hilo. Mzee figo zake zimepungua nguvu, na dawa iliyopaswa kutoka na mkojo hurundikana kwenye damu. Antibiotiki ya jentamisini ikizidi hudhuru figo na masikio. Siprofloksasini, antibiotiki nyingine, inaweza kusababisha kano ya kisigino kukatika; mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali, ikiwataja hasa waliopita miaka 60. Dawa hiyo ikikutana na glibenklamidi, dawa ya kisukari, sukari huweza kushuka hadi mgonjwa akazirai.

Septrin nayo, iliyozoeleka majumbani, huweza kupandisha potasiamu kwa anayetumia enalaprili au losartani za presha, na potasiamu ikizidi moyo huweza kusimama. Mwaka 2014, watafiti wa Ontario, Kanada, walichunguza kumbukumbu za wazee wa miaka 66 na zaidi waliokuwa kwenye dawa za presha za aina hiyo. Waliopewa Septrin walifariki ghafla kwa wingi kuliko waliopewa amoksilini.

Wakati mwingine dawa yenyewe haikuhitajika. Wazee wengi, hasa wanawake, wana bakteria kwenye mkojo bila kuugua. Ikiwa hakuna homa wala maumivu, majibu ya maabara peke yake si sababu ya kumpa antibiotiki.

Ramadhani huongeza lake. 1×3 hugeuka daku na futari, kidonge cha mchana kikiachwa, huku joto la Mombasa likimkausha maji mwilini na figo zikielemewa zaidi.

Kipimo cha figo ni damu kidogo tu, na Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara kwa wenyeji, iko hapa hapa kisiwani. Basi ukitumwa kemisti, beba dawa zote anazomeza bibi, taja umri na maradhi yake, na hakikisha jina la dawa limeandikwa kwenye bahasha. Muuzaji asipokuuliza lolote, usinunue. Mpeleke bibi kwa daktari.