Umeme Unaopanda Dishini: Kwa Nini Nusu ya Chaneli Hupotea

Msomaji wetu wa Sori, kando ya Ghuba ya Karungu, ameuliza swali ambalo mafundi wengi hulikwepa. Kila mvua ikipiga kutoka ziwani, karibu nusu ya chaneli zake hupotea, na nusu nyingine hubaki safi kabisa. Jua likiwaka siku mbili, zote zinarudi. Fundi amekwisha kumbadilishia LNB, lile jicho linaloning'inia mbele ya dishi, pesa amelipa, na tatizo liko palepale.

Mvua hudhoofisha mawimbi ya setilaiti, hilo ni kweli, lakini wingu halichagui chaneli. Likizuia, kwa kawaida huzuia zote, na likipita zote hurudi kwa dakika chache. Ugonjwa unaochukua nusu na kuacha nusu, utafute kwenye waya. Zamani runinga ingetuonyesha chenga tukajua hali inaharibika pole pole. Kwa matangazo ya dijitali, tumezoea picha safi au kioo cheusi.

Setilaiti hutuma chaneli zake katika mikao miwili, mawimbi yanayotikisika wima na yanayotikisika kwa ulalo, ili masafa yaleyale yabebe mzigo mara mbili. LNB ya kawaida hupokea mkao mmoja kwa wakati mmoja. Ni nani anayeiambia ipokee upi? Dekoda, na huiambia kwa umeme. Kupitia waya uleule unaoteremsha picha, dekoda hupandisha volti 13 ikitaka mkao wa wima, na volti 18 ikitaka wa ulalo. Hakuna waya wa pili. Picha inashuka kwa masafa ya megahezi 950 hadi 2150, umeme unapanda ukiwa mkondo mnyoofu, na haviingiliani hata kidogo. Kila unapobonyeza rimoti, huenda volti zinabadilika juu ya paa lako nawe hujui. Sijui kifaa kingine cha nyumbani kilichobanwa akili nyingi hivi katika waya mmoja.

Fikiria mtoto anayetumwa dukani bila barua, ana pesa tu mkononi. Mwenye duka ana sheria yake: akiona kama shilingi 13 anatoa chumvi, akiona kama 18 anatoa sukari. Leo mama anataka sukari, anampa mtoto 18. Njiani kuna mtu anayetoza ushuru, anachukua nne. Mtoto anafika na 14. Mwenye duka anahesabu, anaona kiasi cha chumvi, anatoa chumvi bila kosa lolote. Mama anapokea chumvi, anakasirika, anasema duka limeharibika, anahamia duka lingine. Huko nako anapewa chumvi, maana mtoza ushuru bado amekaa palepale njiani. Siku mama anapotaka chumvi kweli, mtoto anapewa 13, anafika na tisa au kumi, na mwenye duka kwa huruma bado anatoa chumvi. Ndiyo maana chaneli za wima hazipotei.

Duka ni LNB, na ile ya msomaji wetu ilibadilishwa pasipo sababu. Mtoza ushuru ni ukinzani wa waya. LNB ikivuta ampea 0.2, na njiani pakiwa na omu 20, volti 4 zimekwisha kabla ya kufika. Na omu hizo hutoka wapi? Chukua sumaku, iguseshe kwenye waya wa kati wa kebo. Ikinata, waya huo ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa picha hakuna hasara yoyote, kwa sababu mawimbi ya masafa makubwa husafiri juujuu, katika ngozi ya shaba yenye unene wa maikromita chache tu. Lakini umeme mnyoofu hupita katika mwili mzima wa waya, na humo ndani ni chuma, kinachokinza mara kadhaa zaidi ya shaba. Waya mmoja, mzuri kwa kinachoshuka na mbaya kwa kinachopanda!

Ongeza hapo unyevu wa ziwa. Ukifungua konekta ya kule juu utakuta unga mweupe, ndiyo alumini ya wavu wa nje iliyoliwa, na pengine ukijani wa shaba. Maji yakiingia huvujisha umeme kidogo, na penye kasoro tayari, hicho kidogo kinatosha. Karungu ina shida yake zaidi: iko karibu na ikweta, na setilaiti za Eutelsat za digrii 36 mashariki, zinazorusha DStv, ziko digrii mbili tatu tu kutoka utosini. Dishi linatazama juu karibu wima, LNB inatazama chini, na mgongo wake ndio unaopokea mvua.

Kipimo kinachodanganya ni kuchomoa waya kule juu na kupima volti. Mita itasema 18, kwa sababu waya usiobeba mzigo haupotezi kitu. Zima dekoda, chomoa ncha zote mbili, kule dishini gusanisha waya wa kati na wavu, halafu pima omu chini. Ukiona tatu, nne, waya ni mzima. Ukiona 20, kata ncha zote mbili, weka konekta mpya, pima tena. Zisiposhuka, badilisha waya wote, ununue wenye kiini cha shaba tupu. Kisha achanisha ncha za juu: mita isionyeshe chochote, la sivyo huenda kuna maji ndani au uzi wa wavu unaogusa kiini.

Usipande paani radi ikinguruma. Konekta ya juu ifunge kwa tepu ya mpira, na uache waya uning'inie kitanzi chini yake, maji yadondokee hapo.