Magunia Matatu na Kompyuta

Nimewaona wenzangu wengi wakianza kujifunza programu kisha wakaacha, nao si wavivu. Zoezi la kwanza tu huwataka mambo matatu kwa wakati mmoja. Heri kuyatenga.

Tuchukue mfano wa kahawa, ambao wazazi wetu wa Miembeni wataufahamu mara moja. Magunia matatu yamepimwa: kilo 61, 58 na 64. Gunia tupu lina kilo 1. Je, kila gunia lina kahawa kiasi gani?

Zoezi la kwanza: kompyuta isome namba moja moja hadi mwisho wa orodha, basi. La pili: kila isomapo namba, itoe 1 na kuonyesha jibu: 60, 57, 63. La tatu: majibu hayo iyaweke katika orodha mpya. Hapa ndipo wengi hukwama. Katika lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991, kupunguza namba iliyosomwa hakuibadilishi orodha ya kwanza; 61 hubaki 61. Mpimaji naye hafuti daftari lake, bali huandika safu ya pili.

Walimu wetu, twaomba mazoezi yagawanywe hivyo. Aliyeliweza la kwanza hataliogopa la tatu.