Dawa za kunasa madini ubongoni na kitendawili cha Alzheimer

MZEE anapoanza kupotea katika njia aliyoizoea, au kusahau majina ya wajukuu wake, jamaa wengi hudhani ni uzee tu. Wakati mwingine huwa ni Alzheimer, maradhi yanayoharibu seli za ubongo hatua kwa hatua.

Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyaeleza mnamo 1906. Alipochunguza ubongo wa mgonjwa aliyefariki, aliona vibonge ambavyo baadaye vilibainika kuwa vya protini iitwayo amiloidi. Mnamo 1994 watafiti, akiwemo Ashley Bush, walionyesha katika maabara kwamba zinki huifanya protini hiyo igandamane upesi. Baadaye shaba na chuma pia vilipatikana kwa wingi katika vibonge hivyo.

Matokeo hayo yalilipa nguvu wazo la dawa za kunasa madini. Molekuli za dawa hizi huyashika madini kama kaa anavyobana windo kwa magando yake. Iwapo madini ndiyo gundi, wataalamu waliwaza, basi kuyaondoa kutavilegeza vibonge.

Dawa mojawapo iliyovutia macho ya wengi ilikuwa kliokwinoli, iliyowahi kutumiwa kutibu maradhi ya tumbo. Mnamo 2001 ilipunguza amiloidi katika ubongo wa panya kwa takriban nusu ndani ya wiki tisa. Hata hivyo, dawa hiyo ilikuwa na historia chungu. Japani iliipiga marufuku mnamo 1970 baada ya maelfu ya watu kupata madhara ya neva, wengine wakipooza au kupofuka.

Watafiti wa Australia wakaunda nyingine, PBT2, iliyokusudiwa kuyatoa madini kwenye vibonge na kuyarejesha ndani ya seli. Matokeo ya 2008 yalitia moyo, lakini mnamo 2014 jaribio la mwaka mmodi likaonyesha kuwa haikupunguza amiloidi kuliko dawa bandia.

Pigo kubwa zaidi lilikuja 2024. Deferiproni, dawa inayowasaidia wanaorundikiwa na chuma mwilini kwa kuongezewa damu mara kwa mara, ilijaribiwa kwa wagonjwa 81 nchini Australia. Chuma kilipungua katika sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, lakini uwezo wa akili wa walioimeza ulidhoofika haraka kuliko wa waliopewa dawa bandia.

Kwa nini? Huenda ni kwa sababu ubongo wenyewe unayahitaji madini hayo. Chuma husaidia seli kuzalisha nishati, nayo zinki na shaba hushiriki katika mawasiliano ya neva. Anayeyang'oa kiholela aweza kubomoa nyumba akidhani anafagia uchafu.

Kufikia sasa hakuna dawa ya kunasa madini iliyoidhinishwa kutibu Alzheimer. Jamaa wanaouguza wazee wao wanapaswa kujihadhari na yeyote anayewauzia tiba ya "kusafisha madini" ubongoni, na kwanza kumpeleka mgonjwa kwa daktari.