Oili ikidondoka, usingoje injini ife: Jinsi gasketi ya kava ya pikipiki inavyobadilishwa

DOA jeusi la oili mahali pikipiki ilipolala si jambo geni kwa wahudumu wa bodaboda. Wengi hulitazama, hulifukia mchanga kwa ncha ya kiatu, kisha huondoka kumtafuta abiria wa kwanza. Doa hilo ni onyo, na wakati huo kulitii hakugharimu pesa nyingi. Anayelipuuza huja kulipa mara kadhaa zaidi baadaye.

Si kwamba wahudumu hawajui hatari iliyopo. Wengi wao huendesha pikipiki za watu wengine na hutakiwa kumkabidhi mwenye chombo kiasi fulani cha fedha kila jioni. Siku inayopotea gereji ni siku isiyo na unga nyumbani, na aghalabu huzuka mvutano kuhusu nani agharamie matengenezo. Hivyo basi uvujaji huachwa kwa majuma, bolti zikikazwa leo na kukazwa tena kesho.

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria humu nchini zina injini ya silinda moja yenye ukubwa wa kati ya sisi 100 na 150, na hupozwa kwa upepo. Injini ya aina hii hubeba takriban lita moja tu ya oili. Oili hiyo moja ndiyo hulainisha pistoni, gia na klachi, na ndiyo huchukua sehemu ya joto. Injini ikipoteza nusu lita, imepoteza takriban nusu ya kinga yake yote. Ikiendelea kukimbizwa katika hali hiyo, pistoni huanza kukwaruza silinda na hatimaye injini hukwama.

Aidha, oili inayovuja haishii chini. Upepo wa mwendo huipeperusha nyuma hadi kwenye tairi na, kwa baadhi ya pikipiki, hadi kwenye breki. Tairi lililolowa oili huteleza kwenye kona, na hapo anayeumia si mwendeshaji peke yake bali na abiria wake.

Gasketi yenyewe ni karatasi ngumu maalumu, iliyokatwa kulingana na umbo la ukingo wa kava. Katika pikipiki nyingi za aina hii, kava ya kulia hufunika klachi nayo ya kushoto hufunika magneto inayozalisha umeme. Nyuso mbili za alumini hata zikilainishwa vipi hazikutani sawasawa, na kazi ya gasketi ni kujaza mianya ambayo jicho haliioni. Kadiri injini inavyopata joto na kupoa maelfu ya mara, karatasi hiyo hukauka, hukakamaa na kupasuka.

Kabla ya kufungua chochote, ni sharti chanzo cha uvujaji kithibitishwe. Oili hutiririka chini na kurudi nyuma, hivyo mahali inapodondoka sipo inapotokea. Uvujaji wa juu, kwenye kifuniko cha valvu, huweza kushuka na kudhaniwa ni wa kava ya klachi. Sili ya mhimili wa kiki au ya mhimili wa gia ikichakaa, nayo huchafua ukingo wa kava vivyo hivyo. Njia rahisi ni kuosha injini kwa sabuni, kuikausha, kisha kupaka poda ya watoto kwenye maungio yote. Baada ya mwendo mfupi, poda italowa kwanza pale oili inapotokea.

Kuna mtuhumiwa mwingine ambaye husahaulika: mpira wa kupumulia injini. Mpira huu hutoa hewa inayosukumwa na pistoni ndani ya injini. Ukiziba kwa matope au ukikunjwa, hewa hutafuta njia nyingine na husukuma oili kupitia gasketi. Anayebadilisha gasketi bila kuukagua mpira huo huenda akairudia kazi ile ile baada ya siku chache.

Ikithibitika kuwa gasketi ndiyo mbovu, inunuliwe mpya inayolingana na modeli ya pikipiki. Injini huwashwa kwa dakika chache ili oili iwe vuguvugu, huzimwa, kisha oili humwagwa katika chombo safi. Kwa kava ya kulia, kiki huondolewa baada ya kuwekewa alama ilipokaa kwenye meno ya mhimili wake. Pedali ya breki au kikanyagio huenda navyo vikahitaji kuondolewa, na katika baadhi ya modeli waya wa klachi hufunguliwa kwanza.

Bolti za kava hazina urefu sawa, na hapa ndipo wengi hukosea. Bolti ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi huweza kupasua alumini. Nayo fupi ikiwekwa penye tundu refu hushika nyuzi chache tu na kuzing’oa. Dawa yake ni kipande cha katoni. Umbo la kava huchorwa juu yake, na kila bolti huchomekwa pale pale ilipotoka.

Kava ikigoma kutoka, igongwe taratibu kando kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha mti. Bisibisi isitumiwe kuibanua, kwani mkwaruzo mmoja kwenye ukingo wa alumini hugeuka kuwa mfereji wa oili usiozibwa na gasketi yoyote. Kava ya magneto huwa nzito kutoka kwa sababu ya sumaku iliyomo; ivutwe sawasawa, vidole vikilindwa, na nyaya zilizoshikana nayo zisikatwe. Vipo pia vijipini viwili vilivyo wazi katikati ambavyo huiweka kava mahali pake. Visipotee, wala visitumbukie ndani.

Kusafisha ndiko kazi hasa, na ndiko hurukwa. Mabaki yote ya gasketi kuukuu huondolewa kwenye nyuso zote mbili kwa kipande cha plastiki ngumu au kwa wembe ulioshikwa kwa ulalo. Kitambaa safi kizibe klachi na gia ili vipande visianguke ndani. Baadaye nyuso hupanguswa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mbali na jiko, sigara au injini yenye joto, hadi zisibaki na mafuta.

Gasketi mpya huvishwa kwenye vile vijipini viwili, nayo kava hurudishwa kwa mikono mitupu. Mhimili wa kiki hupakwa oili ili meno yake yasichane sili. Kava inapaswa kukaa hadi mwisho bila nguvu. Ikibaki na mwanya, kuna kitu ndani ambacho hakijaingia mahali pake, na kuivuta kwa bolti ni kuivunja. Suluhisho ni kuitoa na kuanza upya.

Bolti zote hutangulizwa kwa vidole, kisha hukazwa kwa kupishana, moja upande huu na nyingine upande mkabala, kwa awamu mbili au tatu. Bolti hizi kwa kawaida zina kipenyo cha milimita sita na huhitaji nguvu ya takriban nyutoni-mita 10, yaani mkazo wa kiganja kwenye spana fupi. Anayening’inia kwenye spana ndefu hung’oa nyuzi za alumini, na hapo hulazimika kumtafuta fundi wa kuchonga nyuzi mpya.

Kosa jingine lililoenea ni kupaka gundi ya silikoni kwa wingi. Ile inayoonekana nje ni nusu tu. Nyingine husukumwa ndani, hukatika vipande vipande na kwenda kuziba chujio la oili. Injini hufa kwa kiu ilhali oili imejaa. Gasketi nzuri kwenye nyuso safi haihitaji gundi hiyo. Vivyo hivyo, gasketi iliyokatwa kwa katoni ya biskuti hufyonza oili, hulainika na kusambaratika. Ikitumika ili kumfikisha mtu nyumbani, isiachwe hapo.

Kazi ikikamilika, oili hujazwa kwa kiwango kilichoandikwa katika kijitabu cha pikipiki. Injini huwashwa kwa dakika mbili au tatu, huzimwa, kisha kiwango hupimwa upya pikipiki ikiwa imesimama wima. Waya wa klachi hukaguliwa, na baada ya siku moja ya kazi ukingo wa kava hutazamwa tena. Nayo oili kuukuu isimwagwe mtaroni wala mtoni, kwani huko huharibu maji ambayo wengine huteka.

Kwa aliyezoea, shughuli hii yote huchukua saa mbili hivi, na gasketi yenyewe ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa dukani. Mhudumu asiyetaka kushika spana bado hunufaika akizijua hatua hizi. Ataweza kuketi kando ya fundi na kuuliza mbona nyuso hazikusafishwa, mbona bolti zimechanganywa, na mbona silikoni imefurika. Naye mwenye pikipiki anayesita kutoa fedha za gasketi leo akumbuke kwamba pistoni na silinda ni mali yake pia. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.