Kompyuta ya Nyumbani Hutumia Umeme Kiasi Gani?

Kifaa kinachogawia kompyuta ya mezani umeme huwa na kibandiko chenye tarakimu, mathalani wati 300. Mzazi apigaye hesabu kwa tarakimu hiyo, kompyuta ikitumika saa 4 kila siku, atapata uniti 36 kwa mwezi wa siku 30, na huenda akaamuru izimwe kabla mwanafunzi hajamaliza kazi yake. Kuzidisha kwake ni sahihi. Kosa limo katika kianzio. Tarakimu ile huonyesha kikomo cha umeme ambao kifaa kinaweza kuutoa, na kompyuta inayotumika kuandikia au kusomea huwa mbali sana na kikomo hicho.

Kipimo cha kuaminika kimo ukutani. Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo nyekundu ambayo humeta kila kiasi fulani cha umeme kipitapo, na idadi ya mimweko kwa kilowati-saa moja, yaani uniti moja, huandikwa usoni mwa mita. Ikiwa ni 1,000, kila mmweko ni wati-saa moja. Vyombo vingine vyote vizimwe, hata jokofu (dakika chache haziharibu maziwa), kompyuta na kioo chake vikiendelea na kazi ya kawaida. Kisha mimweko ihesabiwe kwa dakika 6, ambazo ni sehemu ya kumi ya saa. Ikipatikana 8, nguvu inayotumika ni wati 80. Basi:

80 x 4 x 30 = wati-saa 9,600, au uniti 9.6 kwa mwezi.

Pasi ya wati 1,000 ikipata moto mfululizo humaliza uniti moja kwa saa moja. Kompyuta hii huchukua saa 12 na nusu.

Bei nayo ina mtego wake. Katika viwango vya Tanzania vilivyowekwa mwaka 2016, mteja wa kundi D1 alitozwa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi, kabla ya kodi. Katika nyumba iliyotumia uniti 40, kompyuta hiyo iliongeza shilingi 960. Katika nyumba iliyokwisha kutumia uniti 70, uniti 5 zilitozwa shilingi 500 na uniti 4.6 zilizobaki shilingi 1,610, jumla shilingi 2,110. Kompyuta ni ile ile, na saa ni zile zile.